Mkono wa Solo 7: Kutoka Kuta za Kibera Hadi Migori na Homa Bay

Kuandika ukutani kuna jina baya huku kwetu pwani. Mtoto akionekana na kipande cha kaa mbele ya ukuta wa jirani, kofi humfikia kabla hajaulizwa anaandika nini. Na neno grafiti likitajwa, wengi wetu hufikiria magari-moshi ya New York ya miaka ya 1970, na vijana waliokuwa wakikimbizana na polisi huku wana makopo ya rangi mifukoni.

Lakini kabla hatujawacheka watu wa ng'ambo, hebu na tuingie Fort Jesus, pale Ngomeni. Mna michoro humo iliyoachwa ukutani na askari na mabaharia wa Kireno katika karne ya 17: merikebu, makanisa, samaki na watu, imechorwa kwa makaa na udongo mwekundu na watu waliochoshwa na zamu na kuwa mbali na kwao. Leo michoro hiyo hulindwa kama hazina, na wageni hutoa pesa ili waione. Hali kadhalika katika magofu yetu, kuanzia Gedi mpaka Kilwa, zipo kuta ambazo lipu yake imekwaruzwa sura za vyombo vya bahari. Na mama zetu je? Kwa zaidi ya miaka mia moja wamekuwa wakibeba maandishi migongoni mwao, na jina la kanga likitupwa barazani hujibiwa kwa jina la kanga nyingine, pasipo mtu kufungua kinywa. Basi kuandika mahali pa kupita watu si jambo geni kwetu hata kidogo.

Nayataja haya ili msomaji asidhani nimepotea njia nikimhadithia habari za fundi mmoja wa Kibera aitwaye Solomon Muyundo, ambaye umma humjua kwa jina la Solo 7, na nikamtafutia nyayo zake mbali na bahari, katika kaunti za Homa Bay na Migori.

Tuanze na Kibera yenyewe. Mtaa huo ulioko Nairobi ulianzishwa na Wanubi, Waislamu wenzetu, waliokuwa askari wa jeshi la Kiingereza wakapewa ardhi ya msitu mwanzoni mwa karne ya 20. Hata jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Baadaye walikuja watu wa kila upande, na miongoni mwao Wajaluo wengi kutoka ukanda wa ziwa. Mtu wa Homa Bay akikwambia anakwenda Nairobi, mara nyingi ana ndugu Kibera wa kumpokea. Kwa hivyo baina ya mtaa ule na miji ya ziwa kuna njia isiyokatika: mabasi ya usiku, magunia ya samaki wakavu, maiti wanaorudishwa kuzikwa kwao, na watoto wanaopelekwa kwa bibi shule zikifungwa.

Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa, na nchi ikawaka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa makwao. Kibera ilikuwa mojawapo ya mahali palipoumia zaidi. Soko la Toi liliteketea, reli ikang'olewa, jirani akamkimbia jirani. Katika siku hizo ndipo Solo 7 aliposhika burashi na kopo la rangi akaanza kuandika. Aliandika kwenye mabati ya vibanda, kwenye milango, kwenye kuta zilizobaki zimesimama, hata barabarani penyewe. Maneno yake yalikuwa machache na ya Kiingereza: aliwataka Wakenya wenzake watunze amani. Kisha lilikuwapo lile moja lililomtoa katika kundi la waandishi wa kawaida. Katika filamu za zamani za Kimarekani msomaji amewahi kuona tangazo la polisi la kumtafuta jambazi: anatakiwa, akiwa hai au akiwa maiti. Solo 7 alilichukua tangazo hilo, akaliondoa jambazi akaiweka amani mahali pake, na lile neno la maiti akaliacha nje. Amani inatakiwa, ikiwa hai.

Mimi ni mtu wa mashairi, na nimekaa na wanaume waliotunga tenzi za beti mia wasifikie hapo. Lawama yangu kwake ni moja tu, nayo ni lugha. Mtaa wote ule huzungumza Kiswahili, wa kwao na wa kuja, na neno la Kiswahili lingeingia hata nyumba ambayo haina mtu aliyesoma. Kwa upande mwingine naelewa hoja ya wanaomtetea: wapiga picha wa dunia nzima walikuwa wamejaa Kibera wakati ule, na mabati yale yalikuwa yakisomwa mbali sana kuliko Makina na Olympic.

Watu wengine humwambia mtu kama huyu si msanii, ni mwandishi wa vibao tu. Wanasema hivyo kwa dharau, nami nalipokea kama nasaba. Solo 7 alikuwa katika kikundi cha Maasai Mbili, ambacho kilianzishwa Kibera mwaka 2001 na mafundi wawili wa vibao, Otieno Gomba na Otieno Kota. Majina yenyewe yaonyesha asili ni ya upande wa ziwa. Walikuwa wakizunguka mtaani wakiandikia watu majina ya maduka, nao walivaa mavazi ya Kimaasai ili watambulike, ndipo watu wakawaita Maasai wawili. Basi chanzo cha sanaa hii ni kibao cha kinyozi, bei ya chapati, mshale unaoonyesha choo cha kulipia. Waandishi wa magazeti wa ng'ambo huitafutia grafiti ya Kenya baba huko New York. Hapana shaka rangi ya kupuliza na herufi zilizojipinda zilitoka huko. Mkono ulikuwapo kabla ya hapo.

Nilipofika ukanda wa ziwa nilianzia Kendu Bay, kwani pana jambo linalotuhusu. Mji huu mdogo una msikiti wa zamani, Tawakal, na Uislamu wake ulifika na wafanyabiashara na watu waliokwenda na kurudi pwani. Hapa ndiko alikozaliwa Hussein Onyango Obama, Mjaluo aliyesilimu, babu wa yule Barack aliyekuwa rais wa Marekani. Mjukuu alipozuru Kenya Julai 2015, fundi wa Nairobi aitwaye Bankslave alimchora uso wake mkubwa kwa rangi ya kupuliza katika ukuta wa kituo cha sanaa cha GoDown. Picha ilifanana, na iliingia magazetini duniani kote.

Nimemtaja Bankslave kwa sababu yeye na wenzake, Swift9, Uhuru B na Smokillah, ndio wanaotajwa kwanza ukiuliza habari za grafiti ya Kenya. Mwanzoni mwa 2012 walishirikiana na mpiga picha Boniface Mwangi, wakachora usiku katikati ya Nairobi picha ya mbunge mwenye kichwa cha tai mla mizoga, amekalia migongo ya wananchi. Asubuhi watu walijazana barabarani hata magari yakashindwa kupita. Kisha kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 gari-moshi la abiria linalopita Kibera lilipakwa ujumbe wa amani, kwa idhini ya shirika la reli, likawa linapita juu ya reli ileile iliyong'olewa 2008. Hizo zilikuwa kazi kubwa, nami sizipunguzii kitu. Lakini kazi kubwa hutaka rangi nyingi, na rangi nyingi hutaka mfadhili. Mtu wa Migori aliye na burashi moja hawezi kumfuata Bankslave. Solo 7 anaweza kumfuata leo hii.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa wasomaji wenzangu waliofundishwa kama nilivyofundishwa. Sisi tumelelewa tukijihadhari na kuchora viumbe, na kwa hiyo ustadi wa mababu zetu uliingia katika khati na nakshi za milango. Mtu aliyekulia chuoni akiziona nyuso kubwa za Nairobi huzipita kwa heshima. Akiona ukuta wa maneno matupu husimama. Huenda ndiyo sababu mimi nilisimama.

Homa Bay mji wenyewe ni wa kuta za kupangishwa. Kampuni ya simu hukupakia duka zima rangi yake bure, ukawa tangazo lake. Ya sabuni ikafuata, kisha ya saruji. Mwenye duka hufurahi kwa kuwa amepata rangi bila kutoa senti, na jina lake mwenyewe likabaki herufi ndogo juu ya mlango. Ukishuka ufukoni hali hubadilika. Mashua za wavuvi zimepakwa rangi za kila namna, mistari na pembetatu, na kila moja ina jina au neno lake ubavuni: aya za Biblia, majina ya mama wazazi, majina ya wachezaji wa mpira, mafumbo ya kumsuta jirani. Nilijiona nipo Lamu natazama majahazi. Mzee mmoja aliyekuwa akianika omena, ndio hao dagaa, aliniambia mashua isiyo na neno ni kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu bila hodi. Kati ya mashua zile niliona mbili zilizoandikwa neno moja tu, KWE, ambalo kwa Kijaluo ni amani. Herufi zilikuwa kubwa, nyeupe, bila kivuli wala pambo.

Kisiwa cha Mfangano, ambacho kimo katika kaunti hiyohiyo, kina maandishi ya kale kuliko haya yote, ikiwa tutakubali kuyaita maandishi. Katika miamba ya Kwitone na Mawanga kuna duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, zinazohusishwa na Watwa, watu wa kuwinda walioishi huko kabla ya Wasuba na Wajaluo. Wenyeji walizihusisha na kuomba mvua. Leo wanaozitunza ni makumbusho ya jamii ya Abasuba, na msomaji asikilize jina lake kamili: Makumbusho ya Amani. Mojawapo ya taabu zao ni watu wanaokwenda kuandika majina yao juu ya michoro ile. Hapo ndipo mtetezi wa grafiti kama mimi anapokwama, kwani sheria ya kusema huu ni uchafu na ule ni urithi haijaandikwa popote. Nadhani aliyeandika juu ya kazi ya mwenzake amekosa, na aliyeandika mahali patupu asamehewe. Zaidi ya hapo sina.

Kutoka Homa Bay nilipita Rongo na Awendo, kwenye mashamba ya miwa, hadi Migori. Huu ni mji wa njia kuu ya kwenda mpaka wa Isebania na Tanzania, mji wa watu wengi: Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya, Wasomali wenye maduka, Wanubi. Mji wa namna hiyo uchaguzi ukikaribia kila mtu huanza kuhesabu jirani zake. Nyuma ya mji, kiasi cha kilomita 46, kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa tangu yapata karne ya 16, ambalo UNESCO ililiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Watu wa huku walijua ukuta ni nini zamani sana.

Hapo Migori nilimkuta fundi niliyekuwa nimemtafuta. Aliniomba jina lake lisiingie gazetini, nami namheshimu. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa akiandika ukuta wa kinu cha kusagia posho. Nilikaa juu ya gunia nikamtazama. Kwanza alivuta uzi uliopakwa chaki, akaupiga ukutani ukaacha mstari. Akahesabu herufi kwa vidole, akaanzia ile ya katikati ili neno lisije likamwishia nafasi upande mmoja. Rangi yake ya mafuta aliizimua kwa petroli kidogo, kwani tapentaini ni ghali. Herufi za jina la kinu alizipa kivuli chekundu upande wa kulia, zikawa kama zimetoka ukutani.

Nikamwuliza alijifunza wapi.

"Mzee, mimi nilijua kusoma kwa kuta," akanijibu.

Akanieleza kwamba alizaliwa Kibera, na mwaka 2008 alikuwa hajatimiza miaka sita. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama yake alipokuwa akimshika mkono kumtoa mahali hadi mahali, alikuwa akimsomea yale maneno ya njiani ili asilie. Neno lilikuwa lilelile kila kona, na baada ya siku chache mtoto akawa analitaja kabla ya mama yake. Mwezi Februari walipanda basi wakarudi kwao, kama walivyorudi maelfu ya watu wa Nyanza kutoka Nairobi, Naivasha na kwingineko. Mapatano ya tarehe 28 Februari, yaliyosimamiwa na Kofi Annan, yaliwakuta wako kwa bibi. Mwalimu wa darasa la kwanza alipomwuliza nani ajuaye kuandika, yeye aliandika ubaoni neno la amani kwa Kiingereza, herufi kubwa zote, na chini yake akaandika Solo 7, kwa kuwa alidhani ni sehemu ya neno.

Sikuweza kujizuia kucheka, naye akacheka. Mimi herufi zangu nilizipata kwenye ubao wa chuo, kwa kalamu ya tete na wino wa masizi, na somo likihifadhiwa ubao uliooshwa ukaandikwa jingine. Yeye za kwake alizipata kwenye bati la duka lililoungua.

Basi nikamwuliza habari ya riziki. Hapo uso wake ulibadilika. Zamani, yaani wakati alipoanza, kila duka jipya Migori lilikuwa kazi ya fundi wa burashi. Sasa mwenye duka huenda kwa mashine, akachapiwa bango la plastiki kabla ya adhuhuri, likiwa na picha ya soda na ya simu. Likichanika huchapisha jingine. Kilichobaki kwa mafundi ni vinu, shule, mashua, vyoo vya soko, na magari machache ya wenye kupenda nakshi. Na siasa. Uchaguzi ukikaribia watu wa wagombea huja na makopo ya rangi na pesa taslimu, usiku, wakitaka jina la bwana wao liandikwe kila ukuta na la mpinzani lifutwe. Malipo ya usiku mmoja huzidi ya mwezi mzima wa vinu.

"Umekubali?" nikamwuliza.

"Kuandika nimeandika, mzee. Nina watoto. Kufuta ndiko nilikokataa."

Nilimtaka anifafanulie, akasema mtu akiliona jina la mtu wake limefutwa hukasirika kuliko akiona jina la adui limeandikwa. Ugomvi wa vijana wawili aliowahi kuushuhudia sokoni ulianzia kwenye burashi ya chokaa. Yeye hakusomea siasa, lakini wakubwa wetu wengi wangefaidika kuketi juu ya gunia lile.

Alinionyesha pia kazi ambayo hakulipwa. Upande wa nyuma wa kinu, ukuta unaoelekea njia ya watoto wa shule, mlikuwa na maneno matatu, moja juu ya jingine. La kwanza KWE. La pili AMANI. La tatu ni la Kikuria, ambalo alikwenda kuandikiwa na bibi mmoja muuza ndizi, na kwa kuwa silijui vyema sithubutu kulipiga chapa hapa. Herufi nyeupe, wima, bila kivuli. Pembeni hapakuwa na jina la mwandishi. Mwenye kinu, Mjaluo mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi, alisema aliruhusu maneno hayo kwa sharti la kupakiwa mlango bure. Akapakiwa, wa kijani.

Kijana akanitazama kofia yangu, kisha akaniuliza kama najua kuandika Kiarabu. Nyuma ya kinu wanakaa Waislamu, akasema, na maduka mawili ng'ambo ya barabara ni ya Wasomali, na wao hawamo ukutani. Nikachukua chaki yake nikaandika juu ya kipande cha mbao: sin, lam, alif, mim. Salaam. Aliishika mbao kwa mikono miwili, akaitazama kama mtu anayetazama ramani, akaiegemeza kwenye ndoo. Kisha akachovya burashi akaanza. Alianzia upande wa kushoto, na herufi ya mwisho ndiyo aliyoitia kwanza.

Nikamwambia, "Kijana, hiyo huanzia kulia."

"Wewe unaandika, mzee," akasema bila kugeuka. "Mimi nachora. Ikiisha utaisoma."

Akapanda kwa alif, akashuka kwa lam, akafika kwenye meno ya sin akayahesabu mara mbili, matatu kamili. Nikaisoma.